Pikapu ya kubeba kempa katika misitu ya Tabora: pima uzito kabla ya kuuliza nguvu ya injini

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mnunuzi wa asali na nta, na makazi yangu ni Kaliua. Kila msimu wa kurina mimi na mke wangu tunakaa msituni wiki kadhaa tukizunguka kambi za wafugaji nyuki, na hema sasa limetuchosha. Nimepata kempa iliyotumika, yaani kile chumba cha kulala kinachokaa juu ya bodi ya pikapu na kushushwa kwa jeki zake nne. Inauzwa Dar es Salaam, na bamba lake linasema ina kilo 620 ikiwa tupu. Fundi mmoja ananishauri ninunue Hilux dabo kebini yenye injini ya lita 2.8 kwa sababu ina nguvu. Mwingine anasema Land Cruiser ya kebini moja, na ndugu yangu aliyeko ughaibuni anasisitiza kwamba pikapu kubwa za Kimarekani kama Ford F-250 ndizo zilizoundwa kwa kazi hiyo. Ningependa pia niwe narudi na ndoo kumi za asali. Ninunue gari gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu moja kwa moja, kisha nieleze sababu. Kati ya magari matatu uliyotajiwa, chukua Land Cruiser ya kebini moja, ile ya toleo la 79 yenye injini ya 1HZ. Lakini kempa hiyo ya kilo 620 usiilipie. Ni nzito kwa kazi yako, na ukiichanganya na asali unayotaka kurudi nayo, hakuna pikapu inayotengenezeka kwa mafundi na vipuri vya huku kwetu itakayoibeba na kubaki ndani ya uzito iliyoruhusiwa na kiwanda.

Washauri wako wameanza na injini, na watu wengi huanzia hapo. Injini kazi yake ni kulisogeza gari. Mzigo wenyewe unabebwa na chasisi, springi, ekseli ya nyuma, beringi za magurudumu na matairi, na unasimamishwa na breki. Injini ya 1HZ ina ujazo wa lita 4.2 na silinda sita, haina tabo, na nguvu zake ni kama farasi 130 tu. Hilux mpya ya lita 2.8 ina nguvu za farasi 204, kwa hiyo ukiziweka kwenye lami ya kwenda Tabora mjini, Hilux itaiacha Land Cruiser mbali sana. Hata hivyo Land Cruiser ndiyo inayobeba zaidi, kwa kuwa chini yake kuna chuma kizito zaidi.

Sasa tufanye hesabu, na nakuomba uifanye pamoja nami kwa kalamu. Kila gari lina bamba la mtengenezaji linaloonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani gari lenyewe, mafuta, watu na kila kilichomo kwa pamoja. Ukiondoa uzito wa gari tupu kutoka katika namba hiyo, kinachobaki ndicho unachoweza kupakia. Kwa Land Cruiser nyingi za toleo hilo zilizoko Afrika, uzito wa juu ni karibu kilo 3,200 na gari tupu ni karibu kilo 2,000, hivyo unabaki na kilo 1,200 hivi. Hilux dabo kebini ya lita 2.8 inakuachia chini kidogo ya kilo 1,000. Usizichukue namba hizi kama msahafu. Soma bamba la gari unalolinunua, kisha ulipeleke kwenye mizani likiwa na tangi lililojaa, kwa sababu bampa la chuma, keria na winchi aliyoiongeza mwenye gari wa kwanza vimekwisha kukulia sehemu ya kilo zako.

Kempa nayo haisafiri tupu kama bamba lake linavyosema. Weka lita 80 za maji, ambazo ni kilo 80 kamili. Weka mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao ukijaa unakaribia kilo 30 kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Betri mbili za kawaida za saa-ampea 100 kwa ajili ya taa na friji zinafika kilo 60. Godoro, vyombo, nguo, unga, mchele na mafuta ya kula vya watu wawili kwa wiki mbili haviwezi kupungua kilo 100. Kempa yako ya kilo 620 sasa ina kilo 890. Ongeza wewe na mama, kilo 150. Tairi la pili la akiba, kilo 35. Na jeki kubwa, jembe, panga, mnyororo na sanduku la spana, kilo 50. Jumla imefika kilo 1,125, na hujapakia hata ndoo moja ya asali.

Asali wewe unaifahamu kuliko mimi, na bila shaka umeshaona mara nyingi kwamba ndoo ya lita 20 haina kilo 20. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo kila ndoo ni kilo 28 na ndoo kumi ni kilo 280. Jumla yako inakuwa kilo 1,405. Hilux ilikwisha kushindwa kabla ya asali. Land Cruiser ingeliweza bila asali, ikiwa na akiba ya kilo 75 tu, na kwa ndoo kumi inapita mpaka kwa kilo mia mbili na zaidi. Wapo watakaokuambia kwamba hapa kwetu gari hilohilo hubeba tani mbili za mahindi na kufika. Ni kweli, hufika. Lakini mahindi hushushwa jioni, na siku inayofuata gari linakwenda tupu, ilhali kempa hukaa juu ya chasisi msimu mzima. Tena kempa ni ndefu kwenda juu, hivyo kila shimo linapoliyumbisha gari, kempa huivuta chasisi kushoto na kulia kwa namna ambayo magunia yaliyolala chini hayafanyi.

Nafika kwenye jambo ambalo ningependa ulielewe kuliko yote, nalo ni mahali uzito unapokaa. Kilo 890 zikikaa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma ni mzigo wa aina moja, na kilo hizohizo zikikaa nyuma ya ekseli ni mzigo mwingine kabisa. Kwenye Hilux dabo kebini, umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.085, bodi ina urefu wa mita 1.5 hivi, na ekseli ya nyuma iko takriban katikati ya bodi hiyo. Kempa ya mita 2.3 ikipakiwa humo itatokeza nyuma, na kitovu cha uzito wake, yaani ile nukta ambayo ukiiegemeza hapo haiinami upande wowote, kitaangukia nyuma ya ekseli. Tuseme kimeangukia sentimita 30 nyuma. Hapo ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 890 bali kilo 977, na kilo 87 zinaondolewa kwenye ekseli ya mbele, kwa sababu gari limegeuka wenzo ambao egemeo lake ni magurudumu ya nyuma. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinakosa mshiko, na taa zinamulika matawi badala ya barabara. Kwenye Land Cruiser ya kebini moja, yenye mita 3.18 kati ya ekseli, kempa hiyohiyo inaweza kusogezwa mpaka kitovu chake kikae sentimita 15 mbele ya ekseli. Hapo ekseli ya nyuma inapokea kilo 848 na ya mbele inaongezewa kilo 42. Huko ndiko mzigo unakotakiwa uwe.

Wamarekani, ambao wamezoea kempa kwa muda mrefu, wamelitungia jambo hili kanuni. Mtengenezaji wa kempa anatakiwa aonyeshe kitovu cha uzito wa kempa yake kilipo, na mtengenezaji wa pikapu aonyeshe ni eneo gani la bodi kitovu hicho kinaruhusiwa kukaa. Sisi hatuna utaratibu huo, lakini kitovu hicho unaweza kukipata mwenyewe kwa vifaa vilivyoko Kaliua. Omba mizani ya jukwaa inayotumika kupimia marobota ya tumbaku. Isimamishe kempa kwenye jeki zake nne mahali palipo sawa, ikiwa na maji, gesi, betri na mizigo yake yote. Weka mguu mmoja juu ya mizani, na mitatu iliyobaki juu ya mbao zenye kimo sawa na cha mizani, ili kempa isiiname upande wowote, kisha andika namba. Hamisha mizani kwenye mguu wa pili, wa tatu na wa nne. Jumla ya namba nne ndiyo uzito halisi wa kempa, na mara nyingi humshangaza mwenye mali. Kisha chukua jumla ya miguu ya nyuma, uigawe kwa uzito wote, na uzidishe kwa umbali kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Kwa mfano, kama miguu ya mbele ya kempa nyepesi kuliko yako ina kilo 360, ya nyuma ina kilo 260, na umbali ni mita 2, basi kitovu kiko sentimita 84 nyuma ya miguu ya mbele. Chora alama ya chaki ubavuni mwa kempa mahali hapo. Chora nyingine ubavuni mwa gari, juu ya katikati ya gurudumu la nyuma. Alama ya kempa ikiangukia nyuma ya alama ya gari, gari hilo na kempa hiyo haviendani, hata muuzaji aseme nini.

Ninalisisitiza hili kwa sababu pikapu za dabo kebini zilizopinda mgongo ni nyingi, na kwa kawaida zinapinda mahali palepale, nyuma ya kebini, karibu na vishikizo vya mbele vya springi za nyuma. Anayeona gari lake limekaa chini nyuma huenda kwa fundi, na fundi humwekea mifuko ya hewa kati ya chasisi na ekseli. Gari linanyanyuka, mwenyewe anafurahi na kuamini kwamba limeongezewa uwezo. Ukweli ni kwamba uzito uliokuwa unaingia kwenye chasisi kupitia ncha mbili za springi, zilizo mbali moja na nyingine, sasa unaingia katika nukta moja katikati, na chasisi ikipigwa na shimo kwa kasi hujikunja hapohapo. Jani nene la springi lililokatwa kutoka kwenye Fuso nalo linafanya madhara kwa njia yake, kwa kuwa springi isiyokubali kujikunja inaiachia chasisi kazi ya kujikunja. Ukihitaji springi ngumu zaidi, nunua seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na kwa uzito ulioupima, pamoja na shokapu zinazolingana nayo. Hata hivyo elewa kwamba namba iliyo kwenye bamba la gari haibadiliki kwa kubadilisha springi peke yake.

Kuhusu ushauri wa ndugu yako wa ughaibuni: kwa huko aliko, amesema kweli. Pikapu za daraja la F-250, Ram 2500 na nduguze zina uzito wa juu wa karibu kilo 4,500 au zaidi, na zile za daraja la 3500 zenye magurudumu manne nyuma zinapita kilo 6,000. Kempa za huko zenye kilo kati ya 900 na 1,800 ndizo zilizokusudiwa kukaa juu yake, na juu ya lami ya huko zinakaa vizuri sana. Ukilileta gari hilo Kaliua, matatizo yanaanza. Usukani wake uko kushoto nasi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo kulipita lori mtu anategemea macho ya aliyekaa kulia. Injini zake mpya za dizeli zimeundwa kwa mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni, wakati kiwango ambacho nchi za Afrika Mashariki zilianza kukitumia mwaka 2015 ni sehemu 50, na mifumo yake ya kusafisha moshi haina fundi wala kipuri Tabora. Upana wake ni zaidi ya mita 2 bila vioo vya pembeni, na vijia vya kwenda kambi za nyuki vimepanuliwa na magari membamba kuliko hilo. Nalithamini sana gari hilo kama kazi ya uhandisi, lakini siwezi kukushauri ulale nalo msituni Uvinza likiwa limewasha taa ya hitilafu ambayo hakuna wa kuisoma.

Kama umeipenda kempa ile kiasi kwamba huwezi kuiacha, basi acha wazo la pikapu na utafute Mitsubishi Canter yenye gia za magurudumu manne. Hilo ni lori dogo, lina uzito wa juu wa tani 6 na zaidi, na litabeba kempa, asali na akiba bila kulalamika. Springi zake zitakurusha kitini barabarani, na kwenye mchanga ni zito. Pia litaingia kwenye sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki, inayowataka wenye magari ya kuanzia tani 3.5 kupita kwenye mizani ya barabarani. Kupimwa si adhabu kwa aliyepakia vizuri, ila itakubidi usimame kila unapofika kwenye kituo cha mizani. Mimi kwa kazi yako nisingelichagua, lakini ni uamuzi ulio salama kuliko kuibebesha Hilux kempa hiyo.

Tuseme basi umekubali Land Cruiser. Kempa inayoifaa ni ile isiyozidi kilo 450 ikiwa tupu, na ningependa iwe ya paa linalonyanyuliwa, yenye kuta za turubai juu. Paa likishushwa, kempa haigusi matawi ya miombo yanayoinamia njia, na uzito wake unabaki chini, jambo linalolizuia gari kuegemea unapopita ubavuni mwa kilima. Punguza maji yawe lita 60, chukua mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ukijaa ni kama kilo 13, na badala ya betri mbili nzito weka moja ya lithiamu ya saa-ampea 100, yenye kilo kama 12. Mizigo ya ndani ibane iwe kilo 80. Kempa imekuwa kilo 615. Ongeza ninyi wawili, tairi na vifaa, jumla kilo 850. Zimebaki kilo 350. Usiziguse 100 kati ya hizo, kwa sababu tope linaloganda chini ya gari, maji ya mvua kwenye turubai na mgeni utakayemwonea huruma njiani vyote vina uzito. Kwenye 250 zilizosalia unaweza kupakia ndoo nane za asali, nazo zikae sakafuni mwa kempa, mbele kabisa, zikiwa zimefungwa. Ndoo nyingine zipakie kwenye lori la mwenzako anayekwenda mjini.

Kempa ya namna hiyo inaweza kutengenezwa hapahapa. Mafundi bodi wa Tabora wanajua kuchomelea, tatizo lao ni kupenda chuma kinene. Mwambie fundi atumie paipu za mraba nyembamba, ngozi ya bati la alumini na sakafu ya plaiwudi, na mkubaliane kwa maandishi uzito wa mwisho kabla hujalipa sehemu ya pili ya fedha. Bodi ya kiwandani iondolewe, kempa ikae juu ya fremu yake yenyewe, ili usibebe sakafu mbili. Fremu hiyo isifungwe kwa bolti ngumu kwenye pembe zote nne. Chasisi ya Land Cruiser imeundwa ili ijinyonge kidogo gurudumu moja linapopanda kichuguu, na kempa iliyofungwa kikiki itapasuka pembeni au itaipasua chasisi. Mbele ifungwe imara, nyuma ikalie springi fupi kwenye bolti ndefu zinazoruhusu fremu kunyanyuka kidogo na kurudi. Madirisha yawe na wavu mdogo, na rangi ya nje isiwe ya buluu iliyokolea wala nyeusi. Mbung'o wa misitu yetu huvutwa na rangi hizo, na ndizo zinazotumika kwenye mitego ya kuwakamata.

Matairi usiyafanyie ubahili. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya namba za ukubwa, kuna namba inayoonyesha uzito ambao tairi hilo linaweza kubeba: 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250, na 120 ni kilo 1,400. Ekseli yako ya nyuma ikiwa na kilo 2,000, kila tairi linabeba 1,000, nami nisingeweka chini ya 116, ili tairi likikanyaga jiwe kwenye joto la mchana liwe bado na akiba. Angalia pia zile tarakimu nne za tarehe, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka kumi huonekana zima dukani na hupasuka njiani.

Land Cruiser iliyotumika utaipata. Mashirika ya kuhudumia wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, yametumia sana magari haya, na ndiyo maana fundi wa Kasulu au Kibondo anaifungua 1HZ bila kuuliza. Siku ya kulikagua gari, usianze na boneti. Vaa ovaroli, chukua tochi na brashi ya waya, ingia chini. Safisha chasisi pande zote mbili kutoka nyuma ya kebini hadi kwenye vishikizo vya springi za nyuma. Tafuta ufa mwembamba unaoanzia kwenye ukingo wa tundu la bolti, ambao mara nyingi unajulikana kwa mstari wa kutu nyekundu unaotokeza kwenye rangi. Tafuta pia bamba la chuma lililochomelewa juu ya chasisi na kupakwa rangi mpya nyeusi kuliko sehemu nyingine. Ukiona moja ya hayo mawili, mshukuru muuzaji na uondoke, hata injini ikiwa inaunguruma vizuri namna gani, kwa kuwa injini inafunguliwa na kufungwa ndani ya siku chache lakini chasisi iliyopasuka haitabeba kempa tena kwa usalama. Kisha tazama majani ya springi moja moja, bushi zake, na uvujaji wa oili kwenye ncha za ekseli ya nyuma.

Kuhusu mwendo, tangi la lita 130 litakupeleka zaidi ya kilomita 800 hata ukihesabu lita 15 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo madumu ya dizeli hayana haja. Lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Sikonge haitakusumbua. Barabara za changarawe zilizojikunja kama bati ndizo zinazolegeza kila nati, na huko kilomita 40 kwa saa zinatosha. Ukiteremka kutoka Manyovu kwenda Kigoma mjini, ingiza gia ya tatu au ya pili kabla ya mteremko kuanza na uiache injini ikushikie gari, kwa maana breki zilizoundwa kwa kilo 3,200 zinachemka haraka zikikanyagwa mfululizo na gari lililojaa. Kati ya Novemba na Aprili usiingie kwenye mbuga za udongo mweusi ukiwa na kempa mgongoni. Gari la tani tatu likizama humo hadi kwenye difu, gia za magurudumu manne hazisaidii kitu, na litakalolivuta halipo karibu. Ishushe kempa kwa jeki zake kwenye ardhi ngumu, uende kambini na gari tupu, urudi jioni. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kempa ya kushushwa, na wengi wanaonunua kempa hawaitumii.

Kabla ya safari ya kwanza, lipeleke gari likiwa limepakiwa kila kitu, nyinyi wawili mkiwa ndani, kwenye mizani ya magari. Pima kwanza magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima, kisha ya nyuma peke yake, na uzilinganishe namba hizo tatu na bamba la gari na la matairi. Baada ya kilomita 500 za mwanzo kaza upya yubolti za springi za nyuma na bolti za fremu ya kempa, halafu uzikague kila unaporudi kutoka msituni.